Wenyewe ni Nani? Kuvitafuta Vita vya Biafra Ndani ya Maktaba za Dar es Salaam

Kiswahili kina namna yake ya kuita mapigano ya watu wa nchi moja: vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tumezoea kulitamka jina hilo haraka haraka, kama neno moja. Ukilitamka taratibu linazua swali. Hao wenyewe ni nani, na nani amewaita hivyo?

Nigeria, kati ya Julai 1967 na Januari 1970, watu walikufa juu ya swali hilo hilo. Serikali ya Shirikisho mjini Lagos ilisema sisi ni wenyewe, nchi ni moja, na walioko mashariki wameasi. Odumegwu Ojukwu na serikali yake ya Biafra walisema hatukuwa wenyewe tena tangu ndugu zetu walipochinjwa kaskazini na dola likashindwa kuwalinda. Hizi sasa ni nchi mbili, na moja imeivamia nyingine. Ukisema "vita vya wenyewe kwa wenyewe" umeshaegemea upande kidogo. Ukisema "vita vya uhuru wa Biafra" umeegemea upande wa pili. Tarehe 13 Aprili 1968 serikali yetu, hapa Dar es Salaam, ilitoa jibu lake: Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra.

Mpwa wangu hakulijua hilo la Tanzania. Yuko mwaka wa pili chuoni, amepewa kazi ya kuandika juu ya vita vimoja vya Afrika, naye akachagua Biafra kwa sababu alipenda sauti ya jina. Alikuja nyumbani Jumapili moja jioni na simu imejaa video fupi. Moja inasema ilikuwa vita ya dini, nyingine mafuta, nyingine ukabila, nyingine kazi ya Waingereza. "Mjomba, zote nimezitazama," akaniambia, "na zote zinaongea kama zina hakika. Sasa nimwamini nani?"

Nikamwambia kesho twende maktaba. Sikusema hivyo kwa kudharau simu. Shida yake na zile video ilikuwa moja tu: hazina tarehe. Mtu anaongea leo, anatumia picha ya 1968, maneno ya mtu wa 1980 na hasira ya mwaka huu, na vyote vinakujia kwa pumzi moja. Anayechunguza vita anapaswa kuvitenganisha hivyo, na hakuna mahali pazuri pa kuvitenganishia kuliko kwenye rafu ambako kila kitabu na kila gazeti limegongwa mwaka wake.

Tulianzia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo lenyewe lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wakati huo vita vya Nigeria vilikuwa na miezi mitano, na Enugu, mji mkuu wa kwanza wa Biafra, ulikuwa umeanguka miezi miwili nyuma. Maktaba hii na vita vile ni marika. Nilimweleza hayo tukiwa bado nje, maana napenda mtu ajue kwamba historia anayoifuata haikutokea katika nchi ya hadithi. Ilitokea huku mafundi wakimalizia kuta anazozitazama.

Alichofanya kwanza ni kile wengi wetu hufanya: akatafuta neno "Biafra" kwenye katalogi. Akapata kidogo, akakata tamaa. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Katalogi hutungwa na watu, na watu hao nao walilazimika kuchagua jina la vita. Mfumo wa vichwa vya mada unaofuatwa na maktaba nyingi duniani huviweka chini ya Nigeria, historia, vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1967 hadi 1970. Biafra haipewi chumba chake. Inapanga kwenye nyumba ya Nigeria. Kwenye maktaba zinazotumia namba za Dewey, Nigeria ni 966.9, kama Tanzania ilivyo 967.8. Kwenye vyuo vikuu vinavyofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, nenda DT515. Ukishaipata rafu, acha katalogi, simama pale usome migongo ya vitabu kimoja kimoja. Kitabu usichokijua jina huwezi kukitafuta kwa jina.

Kuna mtego mwingine wa majina. Kabila kubwa la mashariki mwa Nigeria leo tunaliandika Igbo. Vitabu na magazeti ya Kiingereza ya miaka ya sitini yaliandika Ibo. Ukitafuta moja bila jingine, unapoteza nusu ya maandishi. Eneo lenyewe lilikuwa Kanda ya Mashariki mpaka Mei 1967, kisha likawa Biafra kwa upande mmoja na majimbo matatu kwa upande mwingine. Na ukienda kwa mkutubi ukamwomba Daily News ya 1968, atakurudisha mikono mitupu, kwa kuwa gazeti hilo lilizaliwa Aprili 1972 kwa kuunganisha The Standard na The Nationalist. Wakutubi hawachoki kuulizwa mambo haya. Mwambie unachotafuta kwa kirefu, mpe miaka, mpe majina yote mawili ya kila kitu, kisha mwachie nafasi afikiri. Mara nyingi atakumbuka jalada ambalo halimo kwenye kompyuta.

Kabla ya kugusa gazeti lolote nilimtaka mpwa wangu ajenge mifupa ya tarehe kutoka vitabu viwili vya jumla, vilivyoandikwa na watu wasiokubaliana. Palipo na ubishi aweke alama. Palipo na makubaliano aandike kwenye daftari. Daftari lake tulilipiga mistari: lini jambo limetokea, lini limeandikwa, nani ameandika, alikuwa wapi, alitaka nini. Safu ya pili na ya tano ndizo zinazouma kujaza, na ndizo zenye faida.

Mifupa ikatoka hivi. Tarehe 15 Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi walifanya mapinduzi. Wakauawa Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, kiongozi wa kaskazini Ahmadu Bello, na Samuel Akintola wa magharibi. Wengi wa maofisa hao walikuwa Waigbo, na aliyeishika nchi baadaye, Jenerali Aguiyi-Ironsi, naye alikuwa Mwigbo, ingawa hakuwa miongoni mwa waliopanga. Mei mwaka huo akatoa amri ya kufuta shirikisho na kuifanya Nigeria nchi ya serikali moja. Kaskazini waliisoma amri hiyo kama kutawaliwa. Julai 29 wanajeshi wa kaskazini wakapindua, Ironsi akauawa, Yakubu Gowon akashika hatamu. Kisha, hasa Septemba na Oktoba, Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini waliuawa kwa maelfu, na walionusurika wakarudi mashariki kwa treni na malori, wakiwa na majeraha na habari.

Januari 4 na 5, 1967, Gowon na Ojukwu walikutana Aburi, Ghana. Mazungumzo yale yalirekodiwa, na maandishi yake yamechapwa kwenye mkusanyo wa nyaraka wa A.H.M. Kirk-Greene uliotoka 1971 kwa juzuu mbili. Kama utasoma kitu kimoja tu cha vita hivi kwa ukamilifu, soma Aburi. Wanaume wale wanataniana, wanaitana kwa majina ya utani ya jeshini, wanakubaliana. Halafu kila mmoja anarudi kwao na makubaliano tofauti. Lagos walielewa wamelegeza shirikisho kidogo. Enugu walielewa kanda zimepewa karibu mamlaka yote.

Ikafuata wiki ambayo mpwa wangu alikaa nayo saa nzima. Mei 27, 1967, Gowon alitangaza kuifuta mifumo ya kanda na kuigawa Nigeria katika majimbo 12. Mei 30, Ojukwu akatangaza Jamhuri ya Biafra. Kwenye video zote alizotazama, la pili lilitajwa na la kwanza likarukwa. Hebu weka ramani mezani. Ule mgawo wa majimbo uliikata Kanda ya Mashariki vipande vitatu: Waigbo wakabaki na jimbo moja la ndani, lisilo na bahari, na sehemu kubwa ya mafuta ikaangukia jimbo la Rivers. Kwa Ojukwu huo ulikuwa mkasi uliopitishwa shingoni. Lakini kwa Waijaw, Waogoni, Waefik na Waibibio, makabila madogo ya mashariki yaliyokuwa yakilia kwa miaka kwamba yamemezwa na Waigbo, ule ulikuwa mlango. Isaac Boro, Mwijaw, alikuwa ameshatangaza jamhuri yake ya Delta ya Niger mnamo Februari 1966, ikadumu siku 12. Vita vilipoanza akapigana upande wa Lagos, na akafia humo 1968. Basi ukabila, mafuta na hofu vilikuwa kwenye karatasi moja, ndani ya siku tatu. Anayekuambia sababu ni moja hajaitazama ramani ya Mei 27.

Baada ya hapo tukaomba magazeti.

Nataka kuyasema kwa upole mambo ya magazeti ya zamani, maana nayapenda na yamenidanganya mara nyingi. Dar es Salaam ya 1968 ilikuwa na The Nationalist, gazeti la TANU la Kiingereza, na ndugu yake wa Kiswahili Uhuru. Mhariri wao tangu 1966 alikuwa kijana aitwaye Benjamin Mkapa. Kulikuwa na The Standard, la kampuni ya kigeni, ambalo serikali ililitaifisha Februari 1970, mwezi mmoja baada ya vita kwisha. Kulikuwa na Ngurumo, la Kiswahili, la watu binafsi, lililopendwa sana mitaani. Ukisoma The Standard la 1968 na The Standard la Machi 1970 unasoma magazeti mawili yenye jina moja. Kwa hiyo kabla ya kunakili hata sentensi, andika: linamilikiwa na nani siku hiyo, na habari yenyewe imetoka wapi. Gazeti la Dar halikuwa na mwandishi porini Umuahia, ndani ya Biafra. Habari nyingi zilikuja kwa waya kutoka mashirika ya London na Paris, na zilizotoka Biafra zenyewe nyingi zilipitia Markpress, kampuni ya Geneva iliyolipwa kuisemea Biafra. Tafuta jina la shirika mwanzoni au mwishoni mwa habari. Mara nyingi lipo.

Na zingatia kalenda. Aprili 13, 1968 ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Mwenye kutafuta mapokeo ya tamko lile asiishie toleo la siku moja. Afungue jalada la wiki mbili zinazofuata, asome barua za wasomaji, asome hata matangazo. Kile kisichoandikwa nacho ni ushahidi, ila lazima kwanza uhakikishe ukurasa upo. Niliwahi, miaka ya nyuma, kujenga hoja nzima juu ya ukimya wa gazeti fulani katika wiki fulani, katika maktaba moja nisiyoitaja. Baadaye nikagundua kurasa zilikuwa zimekatwa kwa wembe, karibu sana na mshono, usiweze kuona bila kuhesabu namba. Tangu siku ile nahesabu kurasa. Aliyezikata aliwaibia watu ambao hawajazaliwa.

Sasa lile fumbo letu, ambalo kwa Mtanzania ndilo lenye mvuto. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Aliyeisukuma hoja hiyo alikuwa Nyerere. Mwaka huo huo, baada ya maasi ya jeshi ya Januari hapa Dar, wanajeshi wa Nigeria ndio waliokuja Aprili kushika nafasi ya Waingereza wakati sisi tunajenga jeshi jipya. Na Aprili hiyo hiyo, tarehe 26, Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mtu wa mipaka, mtu wa muungano, mdeni wa Nigeria: miaka minne baadaye akawa wa kwanza kuibariki nchi inayojitenga.

Maelezo rahisi ni kambi za vita baridi, lakini hayasimami. Uingereza na Urusi ya Kisovieti, mahasimu, zote ziliiuzia Lagos silaha. Ufaransa iliisaidia Biafra. Ureno iliiruhusu Biafra kuitumia Lisbon na kisiwa cha São Tomé, na Ureno ndiyo ile ile iliyokuwa ikipigana na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ambacho makao yake yalikuwa hapa Dar es Salaam. Tanzania ilijikuta upande mmoja na adui yake. Serikali isingejitia katika hali hiyo kwa kufuata kambi.

Hoja iliyomo katika tamko la serikali, na katika makala ambayo Mwalimu aliiandika kwa gazeti la The Observer la London tarehe 28 Aprili, ni ya aina nyingine. Dola lipo kwa ajili ya usalama wa watu wake. Umoja hauwezi kushikiliwa kwa kuwashinda watu vitani, unahitaji ridhaa yao. Watu wanapouawa kwa sababu ya kabila lao na dola linashindwa kuwalinda, wana haki ya kurudisha mikononi mwao mamlaka waliyolikabidhi. Septemba 1969 aliirudia hoja hiyo katika waraka aliowagawia viongozi wenzake wa Afrika. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata Mei 1968, Haiti mwaka 1969. Hapo orodha ikaishia. Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi nasi.

Namheshimu Mwalimu kwa uamuzi ule, na sifichi. Lakini nilimwonya mpwa wangu: tamko lile ni ushahidi thabiti wa namna Dar es Salaam ilivyofikiri, na ni ushahidi dhaifu wa namna mtu wa Port Harcourt alivyofikiri. Waijaw na Waogoni hawakuulizwa ridhaa na Lagos, wala hawakuulizwa na Biafra. Ukitumia kipimo cha ridhaa, lazima ukitumie na kwao.

Kuna jambo la njaa, ambalo ndilo lililoitangaza Biafra duniani kuanzia katikati ya 1968. Picha za watoto wenye matumbo yaliyovimba ni za kweli. Watoto wale walikuwepo, na wengi hawakupona. Swali la nani aliwanyima chakula ndilo linalotaka nyaraka. Port Harcourt ilipoanguka Mei 1968 Biafra ilikosa bandari, na Lagos ilishikilia mzingiro. Lagos ikapendekeza njia ya barabara kupitia upande wake. Ojukwu akaikataa, akihofia sumu na akihofia kwamba barabara ya chakula ingekuwa barabara ya vifaru. Lagos ikataka ndege za misaada ziruke mchana na kukaguliwa. Biafra ikataka usiku, maana ndege za silaha nazo zilitua usiku kwenye uwanja ule ule wa Uli. Juni 5, 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa. Andika kila pendekezo na tarehe yake, nani alilitoa, nani alilikataa, na siku hiyo nani alikuwa akishinda vitani. Hakuna anayetoka kwenye safu hizo akiwa safi. Aliyefunga njia za chakula anabeba mzigo mkubwa zaidi, hayo ni maoni yangu, ila hayaondoi maswali kwa Ojukwu.

Idadi ya waliokufa hutajwa kuanzia 500,000 hadi 3,000,000. Usichague ya katikati kwa sababu inaonekana ya busara. Sensa ya 1962 ya Nigeria ilifutwa kwa ubishi, ya 1963 ikapingwa vikali kwa madai kwamba kanda zilijiongezea watu ili zipate viti bungeni. Usipojua walikuwa wangapi kabla, huwezi kutoa na kupata waliopungua. Andika kadirio, taja la nani, la mwaka gani, na kama linahesabu risasi peke yake au na njaa.

Kumbukumbu za makamanda zisome mbili mbili. Olusegun Obasanjo, aliyeongoza kikosi cha Shirikisho kilichomaliza vita, na Alexander Madiebo, mkuu wa jeshi la Biafra, wote walichapisha vitabu vyao 1980. Ni miaka kumi baadaye. Obasanjo alikuwa ametoka kukabidhi madaraka ya nchi Oktoba 1979. Ile safu ya tano ya daftari, alitaka nini, hapo inajaa yenyewe.

Hati za serikali za kigeni nyingine hazihitaji nauli. Mkusanyo wa nyaraka za kidiplomasia za Marekani unaohusu Afrika kwa miaka ya 1964 hadi 1968 unasomeka bure mtandaoni, na mijadala ya Bunge la Uingereza kuhusu Nigeria pia. Kwa upande wetu, ukimaliza Maktaba Kuu nenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uulize kitengo cha Afrika Mashariki. Kisha Nyaraka za Taifa, Upanga. Beba barua ya utambulisho, kitambulisho na penseli, na fika mapema, maana majalada ya zamani huletwa kwa mkono na mtu ana kazi nyingine.

Siku ya nne mpwa wangu alifuta kichwa cha kazi yake. Mwanzo kilikuwa "Chanzo cha Vita vya Biafra". Sasa kinauliza watu wa Dar es Salaam walijua nini kuhusu Biafra mwezi Aprili 1968, na walikijua kupitia kwa nani. Ni swali dogo, linajibika kwa miezi aliyopewa, na majibu yake yako ndani ya mji anamoishi. Alikuwa ameomba jalada la Januari 1970, siku zile Ojukwu alipokimbilia Ivory Coast na Philip Effiong akabaki kusalimisha silaha. Lilipoletwa, saa ya kufunga ilikuwa imekaribia. Akalifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kuhesabu kurasa.